Mfuko wa Gauni la Mtoto wa Gunzi

Ruiru, Jumapili, 1955

Gauni limekwisha, lakini roho yangu haijatulia. Nilikata kiazi mfano wa ua, nikakichovya kwa buluu ya kufulia, nikapiga chapa za maua kwenye kitambaa cha gunia la unga. Pindo nikatia uzi mwekundu. Nilijua binti yangu Wambui atafurahi kumvika mtoto wake wa gunzi la mahindi.

Akaligeuzageuza. "Maitu, mfuko uko wapi?"

"Mtoto wa gunzi ataweka nini mfukoni?"

"Kipande chake cha kujitambulisha. Askari wakimkuta hana kipande watamchukua, kama baba."

Na Wambui mwenyewe hata meno ya utoto hajaanza kung'oa.

Nikamshonea mfuko. Akatulia, akalala. Sikumwambia kwamba siku ile alipochukuliwa baba yake, kipande alikuwa nacho.