Upenu Uliotoa Kitambi

Jumatatu, 3 Machi

Nimepewa upande wote wa mbele wa nyumba ya Bibi! Peke yangu! Mjomba kasema mbele ya Bibi, kwa hiyo hawezi kuruka. Yeye ana madirisha ya watu mpaka Alhamisi. Nikibadilisha mbao za upenuni zikakaa sawa, wiki ijayo nyumba ya mwalimu wa hesabu naenda mimi kama fundi — si mbeba ngazi. Mwalimu yuleyule aliyesema sitaweza kuhesabu hata vidole vyangu. Atanishikia ngazi!

Mbao za zamani zimechoka kabisa. Bibi anasema akikaa mlangoni unga wa mbao unamdondokea kwenye chai, anainywa nyumba yake kidogo kidogo. Nimezing'oa zote kabla ya saa sita. Viota viwili vya nyigu (vitupu, lakini dada nimemwambia vilijaa). Na mpira! Ule wangu uliopotea nikiwa darasa la tatu, nikamsingizia binamu. Nimeuficha nyuma ya tangi. Samahani, binamu.

Mjomba kabla ya kuondoka alikata ubao mmoja. Huyu ndiye kiongozi, akasema. Kila ubao unaupima kwa huyu, na huyu humpigilii mpaka mwisho. Rudia. Nikarudia. Mtu wa miaka kumi na tisa!

Jumanne, 4 Machi

Kiongozi nimempigilia. Wa kwanza kabisa, juu ya mlango. Dada alisema nimeshinda nikipiga miluzi na ukuta uko vilevile, ikabidi nimwoneshe kitu. Akaacha kunicheka. Dakika moja.

Hakuna shida. Wa pili nilishaukata kwa kiongozi. Wa tatu nimeukata kwa wa pili, wa nne kwa wa tatu. Si wote ndugu?

Kumi na nne leo. Zinaingia kati ya ukuta na ubao wa ukingo, ule mrefu unaofunga mbele ya paa; za mwisho nazisukuma kwa ngumi. Za Mjomba huwa zinacheza kidogo. Zangu hata pumzi haipiti. Sisemi kitu, ila mwenye macho ataona.

Dada ananiita Injinia. Najua ni utani. Lakini linanikaa.

Jumatano, 5 Machi

Thelathini na moja! Nimefika kona. Kuanzia wa ishirini nagonga kwa nyundo, na kipande cha mbao katikati zisichubuke — ujanja wangu, sikufundishwa na mtu.

Bibi kanisimamia kutwa. Kainua kikombe kunionesha: leo chai tupu! Akasema Babu alipopigilia zile za zamani hakutoka hata nusu ya jasho hili. Nikamwambia Babu hakuwa na kasi yangu. Akacheka mpaka chai ikamwagika.

Halafu nikavuka barabara kuitazama kazi kwa mbali, mikono kiunoni kama mafundi. Ubao wa ukingo una kitambi. Si mzaha. Mlangoni umenyooka kama rula, ukielekea kona unatoka, unatoka, misumari imechomoza.

Labda ni macho tu.

Alhamisi, 6 Machi

Si macho.

Nimepima. Wa mwisho umemzidi kiongozi upana wa kidole. Kidole kizima! Nikakaa juu ya ngazi nikijiuliza kimetoka wapi. Kimetoka kwenye penseli. Kila ubao nilichora nje ya mwenzake, nikakata nje ya mstari. Unene wa mstari tu. Mara thelathini. Mwalimu asisikie.

Dada kaja, katazama, hakuniita Injinia. Hapo nikajua hali ni mbaya. Akasema gongomea misumari, piga rangi, Mjomba anakuja saa kumi kachoka, hataona. Kweli, kutoka mlangoni huoni kitu. Nikafungua kopo. Nikakoroga. Rangi nyeupe nzuri kweli.

Ndipo Bibi akafuata kivuli. Kiti chake akakiweka konani, chini kabisa ya ile misumari.

Bibi, rudi mlangoni.

Kwani huku kuna nini?

Hakuna kitu.

Basi kama hakuna kitu nakaa, mjukuu wangu.

Nikafunika kopo.

Saa kumi kasoro. Bibi nimemhamisha na kiti chake. Mbao kumi na sita ziko chini, na kiongozi nimemtoa — juu ya mlango pamebaki shimo, palepale mtu anapoingia. Kumi nimezikata upya, zote kwa kiongozi. Bado sita. Naandika huku mkono ukipumzika.

Mjomba huyo getini. Anatazama shimo. Anauliza nani kabomoa. Bibi anajibu fundi, yuko kona. Fundi! Hakusema mjukuu wangu!

Mjomba kaitazama ngazi niliyoilaza mlangoni. Kainama. Kaibeba yeye, begani. Anakuja nayo huku, na anauliza kwa sauti kiongozi yuko wapi.

Nimemkalia.