Kinu kilichobeba pikipiki

Yaya Zaina, dada yangu mukubwa,

Pokea salamu zetu za Kabambare. Tumefika wazima, lakini mikono ya shemeji wako ingali inanuka sombe.

Karibu na Wamaza mupira wa nyuma ulitoboka. Barabara ya serikali, ya Bula Matari, iko matope tu, na kila jiwe tuliloweka chini ya pikipiki lilizama. Nilitaka kulia. Harusi ya mudogo wa mume wangu ni kesho, na nguo ya bibi arusi iko ndani ya sanduku yetu!

Mama mumoja alikuwa anatwanga majani ya muhogo ya sombe mbele ya nyumba yake. Akatutazama, akaitoa sombe yote, akakiviringisha kinu chake mpaka barabarani na kukibinua. Tukaiweka pikipiki juu. Kinu hakikuzama hata kidogo, na gurudumu likazunguka hewani vizuri kabisa.

Kazi ya kuziba mupira ilipokwisha, shemeji wako akatoa asante nyingi. Mama akampa muchi.

“Kwetu kinu hakisaidii mugeni bure,” akasema. “Kimekubebea muzigo wako. Sasa utwange.”

Yaya, mwanaume huyu asiyejua hata mulango wa jiko akavua shati, akatwanga, wamama wakimuimbia, mpaka sombe ikalainika. Sijapata kumuona muzuri hivyo!

Mungu akulinde wewe na watoto. Na jirani aliyeazima kinu changu, mwambie akirudishe mbio: nimepata mutwangaji.

Mudogo wako,
Amina