Nimelifanya Jina la Baba Mkwe Kuwa Nywila

Mpendwa mshauri Bi Arafa, naomba unisaidie maana simu yangu inaniumbua. Mimi ni mke wa mtu hapa Kyimo, nauza miche ya parachichi kwenye tovuti moja ya mazao, na unajua mila zetu Wanyakyusa, mkamwana halitaji jina la baba mkwe wake, hata akimwona njiani anampisha anajichimbia migombani, sasa miaka minne iliyopita nilipotakiwa kuweka nywila nikawaza, jina gani hapa kwetu haliwezi kutoka kinywani mwa mwanamke yeyote? Nikaweka la mzee, kwenye tovuti, kwenye barua pepe, kila palipoomba nywila, nikajiona nina akili kuliko meneja wa benki. Tangu mwezi uliopita kila nikiingia naletewa onyo kwamba nywila yangu imeonekana kati ya nywila zilizovuja, niibadilishe, nami nabonyeza "funga" naendelea na miche yangu huku nikijiambia najua nani kanisaliti, maana aliyeijua siri hii ni mmoja tu, Lilian, mke wa shemeji yangu, nilimwambia tukichuma chai tukacheka mpaka tukakaa chini. Jumapili nikamvaa mbele ya wanakwaya wenzetu, nikamwambia, "Lilian, mdomo wako kapu lililotoboka, umemtangaza mzee mpaka mtandaoni wanamjua!" Akasema, "Nilitaje mimi? Kwani mimi si mkamwana wake?" Akaondoka analia, na mpaka leo hata salamu ya ugonile hanipi, na ndiye aliyenilelea mwanangu nilipolazwa. Mume wangu Jairo anauliza tumegombea nini, nami nikisema itabidi nikiri kwamba kila asubuhi namwandika baba yake. Nifanyeje?

Mkamwana, Kyimo

*

Pole, mdogo wangu. Nimecheka mpaka chai ikanipalia, halafu nilipofika kwa Lilian nikakasirika.

Lilian hana kosa. Onyo hilo halisemi kwamba kuna mtu amekusengenya. Wezi huvunja tovuti fulani, wakachota nywila za maelfu ya watu na kuzimwaga mtandaoni, na simu yako imeona ya kwako inafanana na mojawapo. Wanaume wenye jina la mkweo, nao wakaliweka kuwa nywila, ni wangapi kuanzia hapo mpaka Matwebe? Huenda hata mwanamke mwingine aliwaza ujanja huo huo. Mila inakufunga wewe mdomo, lakini mwizi wa mtandaoni hakuolewa kwenu.

Na huko kubonyeza "funga" mwezi mzima ni kitu gani? Mbwa wako akibweka unamziba mdomo?

Sasa sikiliza. Leo hii anza na barua pepe, maana anayeishika hiyo ataomba nywila mpya za kwingine kote. Ingia kwenye tovuti wewe mwenyewe. Ukiletewa ujumbe unaokuambia "bonyeza hapa ubadilishe", usiuguse. Kila akaunti iwe na nywila yake, ndefu, maneno manne yasiyohusiana, na asitajwe mtu wa ukoo humo, hata mama mkwe. Washa uthibitisho wa hatua mbili, ili mtu akiijua nywila bado akwame bila namba inayotumwa kwenye simu yako. Ukiogopa kusahau, ziandike kwenye daftari ulifungie kabatini. Huhitaji fundi, kwa hiyo hutalazimika kumtajia mtu yeyote chochote.

Jairo mwambie ukweli. Atanuna siku mbili, umpikie ndizi mbalaga, ya tatu atawasimulia rafiki zake.

Lilian ndiye kazi yenyewe. Ulimwaibisha mbele ya wanakwaya, basi Jumapili hii samahani nayo uitoe mbele yao, kwa sauti ile ile. Lakini usisubiri Jumapili, nenda kwake leo, peke yako. Usimweleze habari za wezi wa mtandaoni, atadhani unajitetea. Mwambie hivi: "Lilian, siri yangu uliitunza, mimi nikakuita mmbea." Halafu akitaka kulia tena, umwache alie.