Malkia Nyuma ya Kifuniko cha Chakula

Arua, Ijumaa, 1974

Nimemwambia mama mkwe mara ngapi aichome ile picha ya Malkia wa Waingereza! Redio inawatukana Waingereza kila siku, naye ameifunika tu pale ukutani kwa kifuniko cha chakula alichosuka mwenyewe. Eti marehemu mumewe alipewa jeshini enzi za ukoloni, kwa hiyo haitoki.

Leo jirani yetu mpya, sajini mzee kutoka Koboko, kwao Rais, amekuja kula. Mama mkwe alikuwa jikoni. Nzi walipozidi, sajini akanyoosha mkono wa kushoto, akakitungua kifuniko.

Malkia huyo, na taji lake.

Nikawaza watoto wangu. Nikajua leo tume...

Sajini akaruka wima, visigino vikagongana, mkono wa kulia uliojaa bamia ukapanda hadi kwenye paji la uso. Saluti kamili! Waingereza ndio waliomfundisha uaskari ujanani mwake, na mwili haukungoja redio.

Mama mkwe akaingia na maji. "Baba, bamia iko kwa uso kwa nini?"

"Napiga nzi, Mama."

Kisha akakirudisha kifuniko ukutani, kwa mikono miwili, akala na nzi wake hadi mwisho.