Saini Yako na Daraja la Njia ya Kasenga

Papa wangu uliyetutangulia,

Wiki hii nimekukumbuka kuliko wakati wowote tangu tulipokuzika, na sababu ni lile daraja letu dogo la saruji, nje ya mji, kwenye njia ya Kasenga.

Unakumbuka ulivyonifundisha kulisikiliza? Mvua zilipokaribia, wewe mtunza barabara ulikunja suruali, tukaingia sote chini yake. Ulizibua matundu ya kupitishia maji, kisha ukaligonga kwa mpini wa jembe, sikio karibu, kama daktari kwenye kifua cha mgonjwa. Waliopita na baiskeli za makaa walikutania kwamba unalipenda kuliko mkeo. Ulijibu kwamba daraja, angalau, halikuulizi umechelewa wapi.

Kisha nikaingia chuo kikuu, nikajifunza kupaza sauti. Niliwaandikia wakubwa wa serikali ombi: livunjwe daraja hili, masalia ya ukoloni, lililojengwa kwa viboko, jembamba kuliko heshima yetu! Nilikusomea ukiwa kitandani, mgonjwa. Ulisikiliza hadi mwisho. Ukaniita Mama, kwa kuwa nilirithi jina la mama yako:

"Mama, mchanga ya ile daraja bankambo yako, bazee ya zamani, balibeba na kichwa. Haiko ya Bazungu. Iko ya bale banaipitaka."

Halafu ukaomba kalamu, ukatia saini mstari wa kwanza. Nikadhani nimekushinda kwa hoja. Leo naelewa kwamba ulishindwa tu kumnyima mwanao.

Jibu limefika, Papa. Daraja litavunjwa kiangazi hiki. Daraja jipya halina hata mchoro. Wanawake wanaovusha mahindi na mihogo watarudi kukanyaga tope la mto. Nilipokwenda ofisini kupinga, afisa alinionyesha karatasi yangu mwenyewe, kidole juu ya jina lako, akasema hata mtunza daraja alikubali. Nao wenzangu wa kampasi, niliowachochea mimi, wananicheka kwa kuniita wakili: "Kamarade, sasa uko avoka ya simenti?"

Jana nilishuka chini yake peke yangu, nikaligonga. Saruji ni nzima. Matundu ndiyo yaliyoziba, kwa kuwa tangu uondoke hakuna aliyeyagusa. Nilisimama pale, maji yakinifika vifundoni, nikaitamani sauti yako.

Jumatatu kuna mkutano wa mwisho wa wakubwa kuhusu daraja. Mimi niliyezoea kuhutubia umati bila karatasi, siku ya tatu hii nakosa sentensi ya kuanzia. Laiti ungekaa tu nyuma, kofia juu ya magoti, ukakohoa kama ulivyokohoa kila nilipozidisha maneno! Basi sitazidisha. Nitawaambia kwamba aliyetia saini alinipenda, na mimi niliyeandika nilikosea.

Lala kwa amani. Jina lako nitaliondoa kwenye lile ombi kwa mkono uleule uliokupa kalamu.

Binti yako