Baba Mkwe Amepaliwa na Maji ya Utafiti Wangu

Mpendwa Bi Kijakazi,

Naomba msaada wako kabla sijakosa vyote viwili, mume na shahada, maana nimekaa siku tisa nazunguka na jambo hili kichwani na kila ninayemwambia anacheka kwanza ndipo anipe pole.

Mimi ni binti wa miaka ishirini na saba, mzaliwa wa Kilindoni hapa Mafia, nasoma shahada ya uzamili ya fiziolojia na biofizikia ya mwili wa binadamu huko Dar es Salaam, na utafiti wangu ni kuhusu wazamiaji, yaani nataka kujua kwa nini mtu akibana pumzi na kutia uso kwenye maji baridi moyo wake hupunguza mwendo, na kama moyo wa mzamiaji wa siku nyingi hupunguza zaidi kuliko wa sisi wa nchi kavu, na kwa kuwa siwezi kushuka na kompyuta chini ya bahari tunapimia nyumbani kwetu: mtu anakaa kwenye kigoda, anabandikwa nyaya kifuani, anainama, anatia uso kwenye beseni la kufulia lenye maji ya barafu, nami nasoma mapigo.

Shida ya kwanza ilikuwa salamu. Nyumba yetu iko njia ya sokoni, kila apitaye anatoa salamu dirishani, na kila aliyemo kwenye beseni anainua uso kuitikia kwa sababu kuitikia ni wajibu, hata nikapata matokeo kwamba wazamiaji wa Mafia hawawezi kubana pumzi zaidi ya sekunde kumi na nne. Nikabandika karatasi mlangoni, KIMYA, MTU YUMO MAJINI, watu wakawa wanaisoma kwa sauti, kisha wanauliza ni nani, kisha wanamsalimia kwa jina lake. Mwisho nikamweka rafiki yangu Shamsa barazani aitikie kwa niaba ya waliomo majini, maana mmoja akiitikia huwa ametosheleza wote, na kwa njia hiyo nikapima watu kumi na sita bila tatizo.

Wa kumi na saba ni Mzee Matano, baba wa mchumba wangu Luqmani, mtu aliyezamia upande wa Ras Mkumbi miaka arobaini, na posa yetu imeshajibiwa na ndoa imepangwa mwezi wa Mfunguo Nne. Fomu ya ridhaa alikwisha kutia saini jana yake, na siku yenyewe nilikuwa nimekwenda dukani kwa Waseem kuongeza barafu, na Luqmani, ambaye anajua kazi yangu ila hana subira, akambandika baba yake nyaya, akashika saa, akamwinamisha. Narudi na mfuko wa barafu, naingia, namkuta baba mkwe ameinama uso majini, nami sijamwamkia tangu kuche, na mgongo wa mkwe nao ni mkwe, magoti yakakunjika yenyewe na mdomo ukasema wenyewe, "Shikamoo baba."

Akaitikia, "Marahaba." Humo humo majini.

Bi Kijakazi, mapovu yalitoka, akapaliwa, akainuka na nyaya, nyaya zikainuka na kompyuta, beseni likapinduka, Shamsa kule nje akapiga yowe kwamba mzee anazama, majirani wakaja mbio na mmoja wao kaja na kamba, na mimi nikawahi kutazama saa nikaandika sekunde mia na sitini na moja, mapigo thelathini na manane kwa dakika, ambayo ni matokeo mazuri kuliko yote niliyowahi kupata, kisha nikamletea taulo. Alipopata pumzi akasema, "Miaka arobaini bahari imenistahi, leo niuliwe na beseni la kufulia, tena nyumbani kwa wakwe." Akaondoka na kibandiko kimoja kifuani.

Sasa mji mzima unamtania. Iddi muuza kahawa alimpa kikombe akamwambia, "Mzee, kirefu hicho, tukushike mkono?" na tangu siku hiyo hajakanyaga baraza la kahawa. Ametuma neno kwa Luqmani kwamba ndoa haifungwi mpaka niandike kwenye tasnifu kwamba alikuwa bahari kuu, Ras Mkumbi, dakika saba, na hakupaliwa bali alikatizwa na papa potwe. Luqmani ananiambia, "Andika tu, mpenzi, nani atasoma?" Na msimamizi wangu chuoni ameandika kwamba mshiriki namba kumi na saba ni wa ajabu, nisimpoteze, ila nimweleze ni kitu gani kilichovuruga mchoro kwenye sekunde ya mia na sitini na moja, nami sijui salamu inaandikwaje kwenye jedwali.

Nampenda Luqmani, na masomo haya nimeyahangaikia. Nimwandike potwe au nisimwandike? Tafadhali usitaje jina langu.

Aliyekwama, Kilindoni

JIBU LA BI KIJAKAZI

Binti yangu Aliyekwama, jina lako nimelificha na ya wenzako nimeyabadilisha, lakini beseni sijui nitalificha wapi. Hapo Kilindoni wanaowatia wakwe zao kwenye maji ya barafu kwa ajili ya elimu, nadhani uko peke yako.

Sitakudanganya, nimecheka mpaka chai ikanimwagikia. Kisha nikaisoma barua mara ya pili na kicheko kikaniisha. Unasema mzee alipopaliwa ulitazama saa, ukaandika sekunde, ukaandika mapigo, kisha ukaleta taulo. Nimeitafuta pole yako kwenye barua hii kuanzia juu hadi chini na sijaiona. Msimamizi mmeandikiana, mimi nisiyekujua umeniandikia kurasa mbili, na mzee wa watu siku tisa hizi umempelekea nini?

Wewe unadhani amelikasirikia beseni. Mtu aliyeishi na bahari miaka arobaini anajua maji yanaua hata yakiwa kikombeni, hilo halimshangazi. Aliinua uso hana pumzi, akakutafuta, akakuta umempa kisogo, uso umegeukia kompyuta. Hapo ndipo alipoumia, na hao wa barazani wamemtonesha tu. Huyo potwe ni namna ya mtu mzima kusema ameumia bila kulitamka.

Hata hivyo potwe usimwandike, wala bahari kuu, wala dakika saba. Uongo wa barazani huisha na kahawa, wa kwako utapigwa muhuri. Unasomea miili ya watu, binti. Siku moja tabibu atafungua maandishi yako ana mgonjwa mbele yake, na akiziamini hizo dakika saba ataua mtu.

Na huyo Luqmani nina neno naye. Wewe kijana, ulimwinamisha baba yako kabla mwenye kazi hajafika, saa ulishika wewe, na sasa unamfundisha mchumba wako uongo ili wewe usiulizwe. Katangulie wewe kumwomba baba radhi. Binti, akikataa kwenda, ndoa yako ina tatizo kubwa kuliko beseni.

Leo baada ya Alasiri mchukue mama yako au shangazi yako mwende kwa mzee. Kompyuta ibaki nyumbani. Habari ya utafiti usiitangulize. Mwamkie, na akiwa nchi kavu namna hiyo hatapaliwa, kisha sema, "Baba, pole. Nilitazama mashine kabla ya kukutazama wewe. Nisamehe." Halafu nyamaza. Akitoa maneno makali yapokee, akikaa kimya kaa naye. Moyo ukitulia, mkumbushe kwamba fomu ile inampa haki ya kujitoa bila kuulizwa sababu, na akijitoa, namba kumi na saba ifute siku hiyo hiyo hata msimamizi wako akilia. Na kuanzia kesho kila mtu mwamkie kabla hajainama, ulizaneni hali mpaka watoto na mbuzi, salamu ziishe zote, ndipo atie uso majini na mlango utiwe komeo, nawe usitoke humo kufuata barafu wala kitu kingine.

Lakini asipojitoa, andika kilichotokea, maana hakina aibu yoyote. Mzee yule anaijua pumzi kuliko wewe na vitabu vyako. Alijua amebakiwa na ngapi, na angenyamaza hakuna ambaye angemlaumu. Akasikia sauti ya mkaza mwanawe mtarajiwa nyuma ya mgongo, akaona heri apaliwe kuliko akuache bila jibu. Msimamizi wako wa chuoni mwandikie hivyo hivyo: kwenye sekunde ya mia na sitini na moja, mshiriki alitumia pumzi yake ya mwisho kumwitikia binti.

Aliyekuitikia akiwa majini hatashindwa kukupokea akiwa nchi kavu, nawe uko hapo unaniuliza habari za potwe.