Simu Yangu Iko kwa Baba

Ghorofa ya pili, juu ya duka la vioo,
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa Kaka,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko, wewe, wifi na kipenzi changu Kijino. Mnaendeleaje? Kile kikohozi kimekuachia, au bado unasingizia vumbi? Sisi huku hatujambo. Mama goti linamsumbua kwenye ngazi, ila ulimi wake hauna ugonjwa wowote. Mimi bado nashona mapazia ya watu, na madirisha yangu yako wazi vilevile.

Najua unashangaa kupata barua ya kalamu siku hizi. Simu ninayo, ila siioni. Iko kwa Baba, na ukiiulizia anakutazama kama umekuja kumnyang'anya mtoto.

Nianzie mbali kidogo. Tangu macho ya Baba yalipofifia akaifunga meza yake ya kutengenezea saa, alikuwa amejikunja. Wewe mwenyewe uliniuliza mbona haji tena ukipiga simu ya video, nami sikukujibu vizuri. Alisema hana haja ya kuongea na ukungu. Daktari alitueleza kwamba kilichopotea hakirudi, ila kilichobaki kitakaa. Baba alisikia nusu ya kwanza tu, na mimi nilianza kuogopa kwamba tumempoteza huku amekaa sebuleni.

Katuni nazo akaziacha. Yeye aliyetulea na gazeti la katuni kila Jumamosi, wewe huku, mimi huku, na kiganja chake kimefunika ukurasa wa kulia ili mtu asichungulie mbele. Nilijaribu kumsomea kwa sauti, akanikatiza. "Unanisimulia chakula, mwanangu. Mimi nataka kula." Akaniambia rundo lote nimpe muuza karanga afungie. Nilikubali kwa mdomo, nikalisukuma chini ya kitanda changu. Liko huko hadi leo.

Kisha gazeti lenyewe likaacha kuchapwa. Muuza magazeti wa pale kona akaniambia hadithi inaendelea, lakini kwenye simu. Nilinuna, Kaka. Nilipoipakua ikawa inakuja kisanduku kimoja kimoja, kama dawa ya kijiko. Hakuna harufu ya wino, hakuna pembe ya ukurasa ya kukunja. Niliendelea kwa ubishi tu, maana nilitaka kujua kama yule mwanamke wa kibanda cha darajani atamfungulia mgeni mlango.

Siku moja nasoma jikoni, sufuria iko motoni, nikaangua kicheko. Baba akauliza kutoka sebuleni nacheka na nani. Nikampelekea simu. Akaisogeza hadi puani, akanirudishia. "Kivuli tu hiki." Basi nikaweka vidole viwili, nikakivuta kile kisanduku mpaka uso wa mwanamke ukajaa kioo kizima.

Akaichukua simu, akajaribu mwenyewe, akavuta hadi kwenye mkono wa yule mwanamke. Halafu akasema, "Huyu saa yake imesimama." Mimi nilikuwa nimeisoma sehemu ile na kuirudia, wala sikuona kama ana saa. Nililia, Kaka. Mama aliponiuliza nikasingizia vitunguu, na kwenye sufuria kulikuwa na maji ya chai.

Tangu hapo ndiyo basi tena. Analowesha kidole kwa ulimi kabla ya kusukuma kioo. Chaji ikiisha anasema simu imelala, isisumbuliwe. Mama anadai ameletewa mke mwenza, na aliyemleta ni mimi.

Sasa kuhusu ile simu ya Jumatano, giza tupu na sauti ya Baba ikisema "Toa macho hapo." Nilikutumia ujumbe kwa simu ya jirani kwamba sote wazima, ila kisa chenyewe ni hiki. Tulikuwa tunasoma, na Baba kwa mazoea yake akakifunika kioo kwa kiganja ili nisichungulie kisanduku kinachofuata. Nimemweleza mpaka nimechoka kwamba kinachofuata hakiji mpaka usukume kioo, hakuna cha kufunika. Hasikii. Wakati huohuo picha yako ikaingia, kiganja kikabonyeza, simu ikakupigia kwa video. Wewe unaita "Haloo, Baba," sisi tunabishana.

Nilipokata, picha yako ikabaki pale kwenye kioo. Nikataka kuirudisha katuni, Baba akanishika mkono. Akaweka vidole vyake viwili, akakuvuta taratibu, kama alivyokuwa akifungua mfuniko wa saa ya mteja. Akapita kwenye paji la uso, akapita masikioni, akafika kidevuni kwenye lile kovu la baiskeli. Akakaa hapo muda mrefu.

"Ndiye," akasema. Baadaye kidogo akaongeza, "Amenenepa. Na hizi mvi ameanza lini bila kuniambia?"

Basi ana ombi. Utume picha nyingine, ya karibu, yenye mwanga, wala usigeuze ule upande unaojiona mzuri. Ukipiga simu ya video, sogea mpaka uso ujae kioo. Atapokea mwenyewe.

Na hiyo katuni uipakue. Soma hadi pale mlango wa kibanda unapogongwa, usimame hapo. Yeye amesimama hapo tangu Jumatano, na hata nikimbembeleza hasogei. Anasema wanawe husoma pamoja.

Msalimie sana wifi, na umwambie akushonee kifungo cha shati, kwenye picha tumekiona hakipo. Kijino mbusu kwenye pengo la meno. Mama anawaombea kila alfajiri. Mungu awakinge mtokapo na awarudishe salama mwingiapo.

Wako akupendaye, asiye na simu,
mdogo wako, Sindano.

Baba amesimama nyuma yangu, anasema niongeze hili: ameshaweka kiganja, anakungoja wewe tu.